Mama Mkwe na Wavu wa Tumboni

Nilipoolewa na kuhamia Somanda, Bariadi, nilimkuta mama mkwe ana shida mbili: kiungulia na mimi. Kusema kweli kiungulia kilinitangulia kwa miaka mingi, na majirani wote walilijua hilo, lakini mwenyewe alishikilia kwamba kilianza wiki ile niliyokabidhiwa jiko. "Kabla ya huyu mwalimu nilikuwa nakula hata mawe," aliwaambia wageni mbele yangu, huku akitabasamu kwa upole kama mtu anayenisifia.

Alikuwa mjane, mrefu, mwenye vidole vyepesi ajabu. Alizaliwa ufukweni mwa ziwa, upande wa Lamadi, kwenye ukoo wa wavuvi, na kazi aliyofundishwa tangu utotoni ilikuwa kushona nyavu. Baadaye akaolewa na mkulima wa pamba akaja huku Bariadi, ambako hakuna hata dimbwi la kumtosha kambare mmoja, lakini kazi yake hakuiacha. Ndugu zake walimtumia nyavu zilizochanika kwa basi, zimeshindiliwa kwenye viroba, naye akazitundika kwenye misumari ya barazani na kuzishona huku akisalimiana na wapita njia. Mwangaluka huyu, mwangaluka yule, na sindano inakwenda bila kuangaliwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Mafuta ya kupikia, ambayo mama yangu mzazi aliyapangia foleni na chupa mkononi, sasa yalijaa madukani kwa rangi tatu tofauti. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani zao, na mume wangu alikuwa dereva wa lori la mmoja wao. Mtaani kwetu palifunguliwa duka la dawa, banda la video, na kibanda cha kupigia simu, vyote ndani ya mwaka mmoja. Mama mkwe alivitazama vyote kwa jicho la shaka. Tumbo likimchoma, alichukua kopo la nyanya nililopikia, akaligeuzageuza, akaniuliza, "Hii imeandikwa imetoka wapi?"

"Ng'ambo, mama."

"Ndiyo maana inataka kurudi."

Na kweli ilikuwa inarudi. Akimaliza kula tu, moto ulimpanda kutoka chini ya kifua hadi kooni. Akiinama kufagia, chakula kilimfuata mdomoni. Kulala chali aliacha zamani. Alilala ameegemea mito mitatu kama abiria wa treni, na kikohozi juu yake. Mbweu zake zilijulikana mtaa mzima. Alianza na moja fupi, ya kubisha hodi, kisha ikaja ndefu yenye mkunjo katikati, halafu akasema "samahani" kwa sauti ya chini kabisa, kana kwamba ndiyo iliyokuwa aibu.

Dawa alizijaribu zote. Vile vidonge vyeupe vya kutafuna alivifunga kwenye pindo la kanga akavila kama peremende. Alikunywa maji ya magadi. Alikunywa maziwa. Mnadani alinunua unga wa mizizi kwa bwana mwenye kipaza sauti aliyesema unatibu tumbo, mgongo, na ndoa. Kila aliyeulizwa alisema ni vidonda vya tumbo, kwa sababu enzi hizo kila mtu alikuwa na vidonda vya tumbo.

Nami nilipika kama mtu aliye mahakamani. Nikaacha pilipili. Nikaacha kitunguu, nikaacha nyanya, nikaacha mafuta ya rangi zote tatu. Wiki nzima nilimpa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa vikachemshwa tu, na maziwa pembeni. Siku ya nne akaweka bakuli chini.

"Umetia nini humu?"

"Maji tu, mama."

"Maji ya wapi?"

Mume wangu, aliyekuwa anakula pale pale, aligundua ghafla kwamba lori linahitaji kuangaliwa matairi.

Jambo hili lingeendelea hivyo hadi tuzeeke wote, kama si Jumapili moja aliposimama kanisani kwa wimbo wa pili akaketi tena bila kutaka. Alikuwa amepauka midomo. Tulimpeleka hospitali, wakapima damu wakakuta imepungua sana, na kwa kuwa alikuwa anakohoa wakampiga picha ya kifua. Daktari aliyekuwa zamu aliishika ile picha dirishani kwa muda mrefu. Akaniita.

"Unaona huu ni moyo," alisema. "Sasa nyuma yake, hiki kiduara cheusi, ni hewa. Hewa ya tumboni."

"Inafanya nini kifuani?"

"Ndilo ninalojiuliza. Nadhani tumbo lake la chakula limepanda juu. Nendeni Mwanza."

Nakumbuka nilivyotoka pale. Nilipaswa kuwa na hofu, na hofu nilikuwa nayo, lakini chini ya ile hofu palikuwa na kitu kingine kinachochezacheza, na kitu hicho, Mungu anisamehe, kilikuwa furaha. Tumbo limepanda. Si mboga.

Mwanza walimwongezea damu, wakampa vidonge vya kutuliza ile tindikali, kisha siku nyingine wakamnywesha dawa nyeupe nzito kama chokaa ya ukutani huku wakimpiga picha anavyomeza. "Hii nayo ni ya mwalimu?" alimuuliza mpiga picha. Halafu tukapelekwa kwa daktari wa upasuaji, kijana mwenye miwani, Msukuma mwenzetu, aliyesalimia kwa kilugha kabla hajashika faili. Alimwita mayu, yaani mama, na hapo hapo akawa amepata mgonjwa mtulivu.

Aligeuza fomu akachora upande wa nyuma wa karatasi. "Mayu, kati ya kifua na tumbo kuna ukuta wa nyama. Ndio unaokusaidia kupumua. Ukuta huu una tundu, na koo la chakula linapita hapo kushuka tumboni. Tundu lako limelegea na kupanuka. Karibu nusu ya tumbo imepenya ikakaa kifuani, pembeni ya moyo. Ndiyo maana unaungua, ndiyo maana chakula kinarudi. Na hapo linapobanwa panakwaruzika, damu inavuja kidogokidogo."

Nilinyoosha mkono kama mmoja wa wanafunzi wangu. "Kwa hiyo daktari, kosa si la chakula?"

"Chakula kinaweza kuchochea, lakini kosa si la chakula. Ni tundu."

"Naomba urudie tu hapo mwisho. Mama hasikii vizuri upande huu."

"Mimi nasikia pande zote mbili," alisema mama mkwe, akiangalia ule mchoro.

Daktari akaeleza kwamba kuna wataalamu wageni wamekuja kwa wiki mbili kufanya kazi pamoja nao, na wana mashine ya kupasua bila kupasua. Wanatoboa matundu matano madogo, wanajaza tumbo hewa ili pawe na nafasi, wanaingiza kamera na vyuma virefu vyembamba, na wanafanya kazi huku wakiangalia runinga. Watalivuta tumbo lirudi mahali pake, watashona lile tundu lipungue, kisha sehemu ya juu ya tumbo wataizungusha chini ya koo kama kola ili chakula kisirudi.

"Na kwa kuwa tundu lako ni kubwa," aliendelea, "juu ya mshono tutalaza kipande cha wavu."

Mama mkwe aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu tufike Mwanza, nilimwona amekaa kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Wavu wa macho mangapi?"

Daktari alimtazama. "Samahani?"

"Macho yake, mwanangu. Ni makubwa au madogo? Maana kule kwetu wavu wa macho madogo unakamatwa."

"Ni madogo, mayu. Kama ya chandarua, yamezidi kidogo."

"Ni wa uzi uliosokotwa, au ni timba, ule wa uzi mmoja mwembamba kama wa ndoana?"

Daktari alivua miwani akaifuta. "Ni uzi mmoja mmoja, wa plastiki laini."

"Timba," mama mkwe alinigeukia kunieleza, kwa sauti ya masikitiko. "Hauozi, lakini unakata."

Nilidhani daktari angecheka. Hakucheka. Alivuta kiti akasogea. "Hapo umesema kweli kabisa, na ndilo linalotuumiza kichwa sisi. Wavu ukigusana na koo, kuna hatari miaka ijayo ukaanza kulikwaruza hata kupenya. Ndiyo maana si kila mtu tunamwekea. Mwenye tundu dogo tunamshona kwa nyuzi, basi. Hata wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Wengine wanautumia, wengine hawautaki."

"Kwangu kwa nini unautaka?"

"Kwa sababu nyama za pembeni ya tundu lako zimechoka. Nikivuta kwa nyuzi peke yake..."

"Zitachanika pembeni ya mshono," alimalizia yeye. "Kila siku naona. Wavu uliochakaa huwezi kuuvuta ukashona tu, uzi unakata kilichobaki. Unatia kiraka kipana, unakishika mbali, penye uzima."

"Ndiyo hivyo hasa."

"Sasa huo wenu mnaushika wapi?"

Akamwonyesha kwenye mchoro. Mama mkwe alichukua kalamu mkononi mwa daktari, akasogeza alama moja nyuma kidogo. "Usiubane huku mbele. Uache upumue. Na uusogeze mbali na hilo koo." Daktari akaangalia, akasema kwamba hata yeye alikusudia kuulaza upande wa nyuma, mbali na koo. Walikubaliana kwa vichwa, kama mafundi wawili kwenye karakana, na mimi mwenye cheti cha ualimu nikabaki kushika mkoba.

Siku ya upasuaji aliingia asubuhi. Mimi na mume wangu tulikaa kwenye benchi la korido kwa karibu saa nne. Mume wangu, anayeendesha lori la marobota ya pamba kwenye matope bila kutetereka, alikuwa ameshika viatu vya mama yake mapajani na hakuvitua hata mara moja. Sikumtania. Nilikuwa nimeutamani ushindi wangu, lakini pale kwenye benchi niliona ningekubali kulaumiwa kwa kila mboga hadi mwisho wa dunia, ili mradi mlango ule ufunguliwe na mtu atoke akiwa anatabasamu.

Ulifunguliwa. Daktari alitoka na kofia yake ya kijani, akasema kila kitu kimekwenda sawa, tumbo limeshuka, wavu umekaa. "Upande wa nyuma," aliongeza, akitaka tumwambie mama.

Mama mkwe alipozinduka vizuri, neno lake la kwanza lilikuwa malalamiko. "Nimeumwa tumbo, bega ndilo linaniuma. Hawa wamekosea mahali." Muuguzi akamweleza kwamba ni ile hewa waliyomjazia, mabaki yake yanasumbua bega kwa siku mbili tatu, kisha yanaisha. Alifunua shuka akahesabu plasta. Tano, ndogo, kila moja ingefunikwa na kidole gumba.

Alikunywa maji, kisha uji mwepesi, kisha uji mzito kidogo. Tuliambiwa wiki kadhaa zijazo ni chakula laini, vijiko vidogo, kutafuna sana, bila kunyanyua ndoo. Na mbweu zilikoma. Daktari alituonya kwamba ile kola huzuia hewa kupanda, kwa hiyo hewa hutafuta njia nyingine. Iliitafuta ikaiona. Wodi nzima ya wanawake ilijifunza kuangalia dirishani kwa adabu.

Siku ya tatu, nikiwa nampa mtori kwa kijiko, alimeza, akangoja kile alichozoea kukingoja. Hakikuja. Akangoja tena. Macho yake yakawa na maji kidogo.

"Mwalimu," alisema.

"Naam, mama."

"Ule mlenda wako wa siku za nyuma. Haukuwa mbaya."

Nilijifanya nafuta kijiko. Huo ndio msamaha wote nilioombwa katika maisha yangu ya ndoa, na ulinitosha.

Kabla hatujaruhusiwa, alifanya jambo jingine. Alisikia wauguzi wakisema kwamba wale wageni walirekodi upasuaji wake kwenye mkanda kwa ajili ya kufundishia. Akamwita daktari. "Mwanangu, mtu akipigwa picha studio anapewa nakala. Yangu iko wapi?" Daktari alicheka safari hii, akaenda kuuliza, na tulipoondoka Mwanza mama mkwe alikuwa na mkanda wa video kwenye mkoba, umeviringishwa ndani ya kanga.

Nilidhani ni ukumbusho tu. Kumbe aliwajua ndugu zake.

Wiki ya tatu walikuja kutoka Lamadi, watu saba kwenye gari dogo la mizigo, na dagaa wa kutosha mtaa. Aliyewaongoza alikuwa kaka yake mkubwa, mvuvi mstaafu, mzee mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali. Sisi tulimwita mjomba. Walikuja wamejiandaa kumkuta mgonjwa kitandani, amefungwa bandeji kuanzia kiunoni hadi kifuani, na wanawake walikuwa wameanza kufuta machozi tangu getini. Wakamkuta anashona wavu barazani.

"Umepasuliwa lini?" mjomba aliuliza.

"Siku ishirini zilizopita."

"Onyesha."

Alionyesha kwa heshima, kona moja ya blauzi. Mjomba aliinama akatazama yale makovu mawili yaliyoonekana. Akajinyoosha.

"Mdogo wangu, umetapeliwa. Hizi ni sindano. Mimi nilipopasuliwa ngiri nilishonwa kutoka hapa mpaka hapa." Na alionyesha urefu ambao, kwa kipimo chake, ungevuka mwili wake na kuendelea kwa jirani. "Siku hizi ni biashara huria, kila mtu anauza. Wamekulaza usingizi, wamekuchoma vitundu, wamekwambia nenda."

Wengine wakaguna kukubali. Mume wangu akafungua mdomo, lakini mama yake alikuwa amekwisha simama.

"Mwalimu, niletee kanga yangu ya Mwanza. Wewe," akamwambia mume wangu, "nenda kwa yule wa banda la video ukamwombe deki."

Jirani yetu wa banda alikuja na deki yake mwenyewe kwapani, kwa kuwa hakukubali kuiachia bila kujua inakwenda kuonyesha nini. Tulikuwa na runinga ndogo tuliyoinunua msimu wa pamba uliopita. Umeme, kwa ajabu ya siku ile, ulikuwepo. Watu saba wa Lamadi, jirani, mume wangu na mimi tulijipanga sebuleni mchana kweupe, mapazia yamefungwa, na mama mkwe akakaa pembeni ya kioo na sindano yake ya nyavu mkononi, ya kuonyeshea.

Picha ikatokea. Pango la rangi ya waridi, linang'aa, na kitu kikubwa cha rangi ya damu ya mzee kimelala juu.

"Ini," alisema mama mkwe.

"La nani?" aliuliza mjomba.

"Langu."

Mama mdogo mmoja akafunika uso na kuangalia kupitia vidole. Vyuma viwili virefu kama spoku za baiskeli vikaingia, vikalishika tumbo la chakula, vikaanza kulivuta polepole kutoka juu. Lilikuja, likateleza likarudi, likaja tena. "Vuta!" alipaza sauti mjomba. "Vuta, usimwachie!" Alikuwa ameshika mkono wa kiti. Lilipotoka lote, tukaliona tundu: jeusi, pana, na nyuma yake kitu kikidunda kwa utaratibu.

"Huo ni moyo," alisema mama mkwe, na sauti yake mwenyewe ilipungua.

Kisha mshono, mmoja baada ya mwingine, mafundo yakifungwa kwa ncha za vyuma. Hapo ndipo ule ukoo ulipoacha kuwa wageni wa mgonjwa. Waliijua kazi ile. "Fundo hilo ni la mara mbili," alisema mmoja. "La mara tatu," alimsahihisha yule mama mdogo, vidole vyake sasa vimeshuka usoni kabisa. Ukaingia wavu, umeviringishwa mwembamba kama sigara kupitia kijitundu kimoja. Ukafunguliwa ndani, mweupe, ukalazwa juu ya mshono, ukashikizwa pembeni.

"Rudisha nyuma," alisema mjomba.

Jirani akarudisha. Tukautazama wavu ukiingia mara ya pili, na ya tatu. Safari ya nne mjomba alishuka kwenye kiti akapiga goti mbele ya runinga. "Kiraka kimeshikwa mbali," alisema taratibu. "Penye uzima." Hakuna aliyezungumzia utapeli tena. Walikula, wakasifia mchuzi, wakalala, asubuhi wakajipanga kuondoka. Jirani wa banda aliomba mkanda aonyeshe wateja wake Jumamosi moja tu. Mama mkwe alimwambia akatafute tumbo lake.

Wenzake walipokuwa wanapanda gari, mjomba alinivuta kando, nyuma ya tanki la maji. Aliangalia huku na huku.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ile kubwa ilikuwa imekwenda wapi sijui. "Huyo daktari, mtu anamwonaje? Maana hata mimi, nikila samaki wa kukaanga, hapa," akagusa kifua, "panaungua tangu zamani. Usimwambie mdogo wangu."

Nilimwandikia jina la kliniki na siku zake kwenye karatasi ya daftari la wanafunzi. Alikwenda mwezi uliofuata, peke yake, amevaa koti. Walimwingiza mpira wenye kamera kooni, wakamwangalia hadi chini, wakamwambia ukuta wake uko imara, tundu lake ni la kawaida, ana kidonda kidogo cha tumbo tu. Wakampa vidonge vya wiki mbili, akapona kabisa.

Alitupitia Somanda akitupa habari hizo, ameinamisha kichwa. Nilimpa hongera. Mama mkwe, aliyeambiwa kila kitu na yule mama mdogo siku nyingi, alimkaribisha kiti na kumuuliza kwa upole daktari amesemaje.

"Amesema sihitaji wavu," alijibu mjomba, na sijawahi kumwona mtu mzima aliyepewa habari njema akiwa na huzuni kiasi kile.